Msokoto Mmoja na Cheti cha Tabia Njema

Kijana wa Busibwabo anayetafuta kazi ya ulinzi, au ya udereva katika kampuni inayojiheshimu, sharti kwanza achafue vidole. Mjini Busia hupakwa wino mweusi, na kila kidole kikaviringishwa juu ya fomu ya C24, ukingo hadi ukingo. Waashi husumbuka hapo, kwa kuwa saruji imekwisha kula mistari ya ngozi. Akishalipa shilingi 1,050, alama hizo hupelekwa Nairobi kwa Idara ya Upelelezi wa Jinai, itazamwe kama mwenyewe ana rekodi ya uhalifu kabla ya kupewa cheti cha tabia njema.

Serikali ilivizoea vidole hivi zamani. Tarehe 1 Aprili 1902 Waingereza waliuhamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda ukawa upande huu, uliokuja kuwa Kenya, na Wasamia na Wateso wakabaki na jamaa zao ng'ambo ya mpaka. Kisha ikaja sheria ya uandikishaji ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na wanaume Waafrika wakavishwa kipande: karatasi yenye alama za vidole na historia ya kazi, ndani ya kijaluba cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Mwenyewe hakuulizwa neno, karatasi ilimsemea.

Maswali yalikuja na Hali ya Hatari, 1952 hadi 1960. Washukiwa wa Mau Mau walichujwa wakapangwa weupe, wa kijivu na weusi, yaani kutoka waliodhaniwa watiifu hadi wagumu. Aliyeungama kwamba alikula kiapo cha Mau Mau alisogezwa karibu na nyumbani. Aliyekana aliendelea kuzuiliwa, hata kama kweli hakuwahi kula kiapo. Kambi mojawapo ilikuwa kisiwani Mageta, Ziwa Victoria, si mbali sana na hapa. Nadhani somo lile halijatutoka: mbele ya meza ya serikali, mtu husema kitakachomfungulia mlango.

Mfano wa leo ni bangi, iliyoingizwa katika mkataba wa kimataifa huko Geneva mwaka 1925. Sheria ya Kenya ya 1994 awali iliweka kifungo cha hadi miaka 10 kwa anayekutwa nayo kwa matumizi yake mwenyewe. Mpakani, ambako mzigo huvushwa kwa njia za panya, jambo hili lina watu wake. Vijana wawili wanavuta msokoto mmoja, askari wanatokea, mmoja anatimua mbio, mwingine anafikishwa mahakamani, anakubali kosa na kutozwa faini. Miaka ikipita, cheti cha yule wa mbio hutoka safi. Aliyesema kweli mbele ya hakimu ndiye anayeulizwa maswali na kila mwajiri.

Marekani wameelekea kwingine. Fomu yao ya SF-86, ya wanaoomba kazi zenye siri za dola, humtaka mwombaji mwenyewe aeleze dawa za kulevya alizotumia katika miaka 7 iliyopita. Aliyevuta, akaacha na akasema anaweza kupita. Akificha, uongo huo huhesabiwa peke yake, na mara nyingi ndio unaomwangusha.

Kenya ilijaribu jambo la namna hiyo Desemba 2013, maafisa wa polisi walipoanza kupigwa msasa na tume iliyoongozwa na Johnston Kavuludi. Taarifa za benki na za M-Pesa ziliwekwa mezani. Maafisa wa trafiki walitakiwa kueleza fedha zilizopita kwenye simu zao, na baadhi wakapoteza kazi kwa sababu maelezo hayakuingia akilini. Zoezi lilikwenda kwa kusuasua, lakini angalau mtu aliulizwa maisha yake ana kwa ana.

Mwezi Februari 2024, Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba ukaguzi umefichua vyeti ghushi 2,067 vya masomo katika taasisi za serikali. Waliovitumia walikuwa wakilipwa mishahara kila mwezi. Cheti cha tabia njema kisingewazuia: hukumu hawakuwa nayo, na vidole havijui aliyefanya mtihani.