Kitanzi, Tao na Kisulisuli

Mtanzania akisikia "alama za vidole" anawaza NIDA, au laini ya simu. Februari 2015 uandikishaji wa wapiga kura kwa mashine za BVR ulianzia Makambako, mji ulio katikati ya safari ya Iringa na Mbeya, na watu wa pale wakabandika vidole kwenye vile vimashine. Mei 2019 ikaja zamu ya laini za simu. Kabla ya hapo kulikuwa na kidau cha wino na dole gumba, kwa asiyejua kuandika jina lake. Neno limeshazoea kazi moja: kidole kinajibu wewe ni nani.

Wako watafiti wa anatomia wanaokiuliza kidole swali jingine, na mdomo wanauuliza vilevile. Wanachunguza kama watu wenye kiribatumbo, yaani unene uliopindukia, wana michoro ya vidole na midomo inayotofautiana na ya wenzao wembamba. Tafiti za namna hiyo, nyingi zikiwa ndogo, zimefanyika India na Nigeria, na majibu yake yanapishana. Anayetaka kuzieleza kwa Kiswahili anakwama mapema, kwenye neno lenyewe la "alama". Alama za vidole ni chapa. Alama za mtihani ni maksi. Alama ya ugonjwa ni dalili. Ukiandika kwamba alama za vidole ni alama ya unene, msomaji wa Mafinga ana haki ya kudhani unene unaonekana kidoleni, kama surua inavyoonekana kwenye ngozi ya mtoto. Hakuna anayedai hivyo. Istilahi inayofaa hapa ni kiashiria: jambo linaloambatana na jingine mara nyingi kuliko bahati nasibu inavyoweza kueleza, hata kama halilisababishi. Kwa hiyo "chapa" ibaki kwa kilichoachwa na kidole, na "kiashiria" kwa kinachodhaniwa kusomeka ndani yake.

Tazama ncha ya kidole chako karibu na dirisha. Ngozi yake imepangwa kwa mistari iliyoinuka, na kati ya mstari na mstari pana bonde jembamba. Aliyewahi kusimama juu ya shamba la viazi mviringo kule Umalila, Mbeya, anajua jina la kitu hicho: ni matuta. Mwaka 1926 Wamarekani Harold Cummins na Charles Midlo waliupa uchunguzi wa matuta hayo jina la Kigiriki linalounganisha ngozi na kuchonga, nalo kwa matamshi yetu huwa dematoglifiki. Mimi ningeandika "elimu ya matuta ya ngozi" na kuiacha dematoglifiki itajwe mara moja tu, mwanzoni.

Michoro mikuu ni mitatu, kwa mgawanyo uliokomazwa na Francis Galton katika kitabu chake cha 1892. Matuta yakiingia upande mmoja wa kidole, yakapinda na kutokea upande uleule, huo ni mchoro wa kitanzi. Yakiingia upande mmoja, yakainuka kidogo na kutokea upande wa pili, ni tao. Yakizunguka kitovu, nimeona yakiitwa mviringo, mzunguko, hata mzingo. Nachagua kisulisuli. Sababu ni ya kikazi: katika utafiti huohuo mtu atapimwa mzingo wa kiuno, na ripoti yenye mzingo wa kidole na mzingo wa kiuno katika sentensi moja itamtesa mhariri. Kwa ujumla vitanzi ni kama thuluthi mbili ya michoro yote duniani, visulisuli karibu thuluthi moja, na matao asilimia 5 hivi.

Upande wa midomo mgawanyo unaotumika sana ni wa Wajapani Suzuki na Tsuchihashi, wa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mikunjo inaweza kuwa ya wima inayokata mdomo wote, ya wima inayoishia njiani, ya matawi, ya mikasi, ya wavu, au ya mchanganyiko usioainishika. Jina la kitaalamu ni kailoskopia. Kiswahili kina mtego wake hapa, kwa kuwa mdomo ni wa nje na wa ndani pia. Ukisema "sampuli ya mdomo" muuguzi ataleta kijiti cha pamba. "Chapa za midomo", kwa wingi, inaelekeza vizuri zaidi.

Kiribatumbo nalo lina mambo yake. Ndilo neno la wataalamu wetu wa lishe kwa unene uliopindukia, limeundwa kwa kiriba, ule mfuko wa ngozi wa kubebea maji, na tumbo. Ni neno zuri, linaonekana. Ila kipimo kinachotumika ni uwiano wa uzito na urefu, yaani kilo zigawanywe kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mama wa mita 1.60 mwenye kilo 78 anapata 30.5, na kwa kuwa mpaka ni 30, ameingia kwenye kiribatumbo hata kama mwili wake umejaa mapajani na tumbo ni la kawaida. Jirani yake mwenye kitambi cha kuonekana toka mbali anaweza kupata 28, akaandikwa "uzito uliozidi" tu. Neno linatazama kiuno, hesabu inatazama mwili mzima.

Mtaani Mwanjelwa, Mbeya, au Kihesa, Iringa, hakuna anayemwambia mtu ana kiribatumbo. Atasema "umenawiri", na anasifu. Sifa hiyo ina historia yake katika nyanda hizi za juu kusini. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2016-17 ulikuta maambukizi kwa watu wazima yakiwa asilimia 11.4 Njombe, 11.3 Iringa na 9.3 Mbeya, mikoa mitatu iliyoongoza nchini. Pale ambapo kukonda kulisomwa kwa miaka mingi kama tangazo la ugonjwa, mwili mnene ulimtetea mwenye nao. Mtafiti anayekuja na neno la kuogofya ajue anashindana na salamu.

Sasa, kwa nini kidole kijue lolote kuhusu uzito? Matuta huanza kujipanga kuanzia wiki ya 10 hivi ya mimba na mchoro hukamilika kabla mimba haijafika nusu. Baada ya hapo haubadiliki; mtu atanenepa, atakonda, kisulisuli chake kitabaki palepale. Kinachoathiri mchoro, mbali na urithi, ni jinsi vijivimbe vya ncha za vidole vya kijusi vilivyokuwa vimeinuka wakati matuta yanajipanga. Kwa hiyo kidole ni kumbukumbu ya miezi ile ya mwanzo. Mwaka 1993 kundi la Godfrey na David Barker lilieleza kwamba watu wazima waliozaliwa Preston, Uingereza, wenye visulisuli walikuwa na shinikizo la damu la juu zaidi. Mwaka 2009 Henry Kahn na wenzake waliwatazama Waholanzi, wakiwemo waliokuwa tumboni katika njaa ya majira ya baridi ya 1944-45, wakakuta kwamba tofauti ya idadi ya matuta kati ya dole gumba na kidole cha mwisho inahusiana na kisukari cha utu uzima.

Hapo ndipo Iringa inapoingia kwa uzito wake. Takwimu za kitaifa za 2022 ziliikuta na udumavu wa asilimia 57 kwa watoto chini ya miaka mitano, juu kuliko mkoa wowote, wakati ni mkoa unaolisha wengine mahindi. Ikiwa upungufu wa lishe mtoto akiwa tumboni unaacha nyayo zinazoonekana baadaye kama kisukari au kiribatumbo, swali la Preston linastahili kuulizwa Kilolo, hukohuko Iringa, kuliko London. Kuuliza, nasema. Mtu akikwambia leo kwamba visulisuli vyako vinatabiri kitambi, anakuuzia kitu.

Na kuuliza kwenyewe kuna vikwazo vya hapahapa. Wachuma chai wa Mufindi na Rungwe, wapalilia viazi, mafundi wa saruji, wana vidole vilivyolika hadi mashine ya usajili inavikataa. Ukiwaacha nje kwa kuwa chapa hazisomeki, umewaacha wanaofanya kazi za nguvu, ambao pengine ndio wembamba, na waliobaki ni wenye maduka na maofisi. Matokeo yatapinda kabla hujafungua kompyuta. Midomo nayo, Juni na Julai upepo wa Makambako unaipasua mpaka watu watembee na vaselini mfukoni. Mpasuko wa baridi ukibandikwa kwenye karatasi unafanana na mkunjo wa kuzaliwa. Tena kuna vidole kumi, michoro mitatu, aina sita za midomo. Ukilinganisha vyote na uzito, kwa kigezo cha kawaida cha asilimia 5, kila majaribio 20 yatakupa, kwa wastani, moja "lenye maana" kwa bahati tu.

Limebaki suala la fomu ya ridhaa. Mama wa Uyole aliyewahi kuweka dole gumba kwenye mkopo wa riba kali, ule wa kausha damu, hatatoa vidole kumi kirahisi, na tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iko upande wake. Mimi ningeandika hivi: "Tutachukua chapa za vidole vyako na za midomo yako. Tunataka kujua kama michoro hii uliyozaliwa nayo inafanana kwa watu wenye uzito mkubwa. Haitatuambia kama utaugua. Haitapelekwa kwa mtu anayekudai, wala ofisi yoyote." Akiuliza atafaidika nini, aambiwe ukweli: kwa michoro, hakuna kitu kwa sasa; ila atapimwa uzito, kiuno na presha bure, na majibu ataondoka nayo siku hiyohiyo.