Anwani ya IP

Anwani ya IP ni namba inayotambulisha kompyuta, simu au kifaa kingine kwenye mtandao, ili data ifike inakotakiwa. Anwani za toleo la nne la IP, lililowekwa rasmi mwaka 1981, zina biti 32 na huandikwa kwa namba nne zilizotenganishwa na nukta, kila moja kati ya 0 na 255. Jumla yake ni 4,294,967,296, ambazo hazitoshi kabisa dunia ya leo. Ndiyo maana simu na kompyuta za nyumba moja hupewa anwani za ndani, mfano 192.168.1.5, kisha ruta huziunganisha na intaneti kwa anwani moja ya pamoja. Dawa ya kweli ni toleo la sita, lenye biti 128. Barani Afrika anwani hugawiwa na shirika la AFRINIC, lenye makao Morisi.