Wana wa Wajakazi: Dani na Ruhinda

Katika nchi ya vilima iliyoko kati ya Kibimba ya Ngara na Biharamulo, mtu hakujulikana kwa jina lake peke yake; alijulikana kwa ukoo wake, na ukoo ukajulikana kwa babu aliyeuasisi, hata nasaba ikawa ndiyo hati ya ardhi na ushahidi wa haki mahali ambapo karatasi haikuwako. Kwa sababu hiyo msomaji wa huko afunguapo Kitabu cha Mwanzo, akawakuta wana kumi na wawili wa Yakobo, kila mmoja akiwa baba wa kabila, haoni jambo geni.

Miongoni mwa wana hao yuko Dani. Mamaye, Bilha, alikuwa mjakazi wa Raheli, akatolewa kwa Yakobo kwa kuwa bibi yake alikuwa hajajaliwa mtoto. Na Raheli akampa mwana huyo jina lenye maana ya hukumu, akiamini kwamba Mungu amemwamulia kwa haki. Kabila lake lilihesabiwa jangwani kuwa na wanaume 62,700 wafaao kwa vita, nalo lilitembea nyuma ya makabila yote, likiufunga msafara. Kisha, liliposhindwa kutulia katika fungu lake, likahamia kaskazini, likautwaa mji wa Laishi na kuuita kwa jina la babu yao.

Nayo masimulizi ya Karagwe humtaja Ruhinda, chimbuko la ukoo wa kifalme wa Wahinda, kuwa ni mwana wa mfalme Wamara kwa kijakazi aliyeitwa Njunaki. Alimwondoa mtawala Nono wa ukoo wa Wasita, na uzao wake ukatawala Karagwe, Ihangiro, Buzinza, na Rusubi, ambayo ndiyo Biharamulo. Mimi siuoni mfanano huu kuwa dalili ya udugu wa damu kati ya nyumba ya Yakobo na nyumba ya Wamara. Nauona kuwa ni maarifa ya watu waliokaa mbalimbali, ambao walitambua kwamba aliyezaliwa pembeni mwa nyumba ndiye mwenye haja kubwa ya kusimulia kuwa yumo nyumbani.

Mwaka 1861 John Hanning Speke, Mwingereza aliyekuwa akiitafuta asili ya mto Naili, alipita Rusubi, aliyoiita Usui, akacheleweshwa huko kwa madai ya hongo ya mfalme Suwarora; hata alipoachiliwa akaingia Karagwe kwa mfalme Rumanyika, aliyempokea kwa ukarimu mkubwa. Rumanyika alimwambia mgeni wake waliyoyasema wazee, kwamba hapo kale watu wake walikuwa nusu weupe na nusu weusi. Basi Speke akatwaa Biblia, akaanza na Adamu, akashuka nasaba kwa nasaba mpaka kwa mfalme Daudi na Wahabeshi, akamhakikishia mwenyeji wake kwamba yeye ni tawi la mti huo. Kitabu chake kilitoka mwaka 1863, na ndani yake dhana hiyo imesimama hasa juu ya sura na maumbile ya watu. Inanihuzunisha, kwa maana Ruhinda alikuwa na nasaba yake, wala hakuhitaji kuazimwa nyingine.

Huko Uhabeshi kwenyewe jina la Dani lilileta heri. Katika karne ya 16 Rabi David ibn Zimra wa Misri alihukumu kuwa Beta Israeli, Wayahudi wa nchi hiyo, ni kabila la Dani. Mwaka 1973 Rabi Ovadia Yosef akaitegemea hukumu hiyo kuwatambua kuwa Wayahudi. Na Mei 1991, katika muda wa saa 36 hivi, ndege za Israeli zikawachukua zaidi ya watu 14,000 wa jamii hiyo kutoka Addis Ababa hadi Israeli.

Dhana ya Speke ilikwenda njia nyingine. Ilipita mikononi mwa Wajerumani na Wabelgiji waliotawala Rwanda, waliowahesabu Watutsi kuwa ni wageni kutoka Uhabeshi, na Wabelgiji wakaliandika kabila katika vitambulisho vya watu. Novemba 1992, mjini Kabaya nchini Rwanda, mwanasiasa Léon Mugesera alihutubia umati, akanena kwamba kwao Watutsi ni Uhabeshi, na kwamba watarudishwa kwa njia ya mto Nyabarongo. Maji ya Nyabarongo huingia Kagera, na Kagera hupita Rusumo, mpakani mwa Ngara. Mwisho wa Aprili 1994 watu kama 250,000, wengi wao Wahutu waliokimbia vita, walivuka daraja la Rusumo katika muda wa siku moja wakapiga kambi Benako, huko Ngara. Na chini ya miguu yao mto ulikuwa ukishusha maiti za waliouawa katika mauaji ya kimbari ya Watutsi. Maiti hizo hazikufika Uhabeshi. Ziliishia Ziwa Viktoria, ambako watu wa Kasensero, upande wa Uganda, walizitoa majini wakazizika, pasipo kuyajua majina yao wala babu zao.