Jaribio la Kitabibu: Neno na Nafasi ya Mgonjwa Aliyetoka Upasuaji

Jaribio la kitabibu ni utafiti unaolinganisha tiba au namna za uuguzi kwa watu wenyewe, kwa utaratibu ulioandikwa na kupitishwa kabla mshiriki wa kwanza hajaandikishwa. Kiini chake ni ulinganisho. Daktari anayembadilishia mgonjwa dawa baada ya ile ya mwanzo kushindwa anatibu tu, hata kama wauguzi watasema "anajaribu" dawa nyingine.

Ugumu wa istilahi hii unaanzia kwenye mzizi wake. Kitenzi kujaribu kimezaa jaribio, lakini kimezaa pia majaribu, yaani misukosuko inayompima mtu imani. Kauli ya kutendewa huongeza uzito: mkazi wa Kashai, mjini Bukoba mkoani Kagera, akiambiwa kwamba ndugu yake "amefanyiwa majaribio" hospitalini, anachosikia ni kwamba amegeuzwa panya wa maabara. Akiambiwa kwamba "amejiunga na utafiti", habari ni nyingine kabisa. Kagera ni mkoa wa kahawa na vyama vya ushirika. Kujiunga hueleweka huko kuwa ni tendo la hiari, lenye masharti yanayosomwa kwanza na mlango wa kutokea. Kwa hiyo uchaguzi wa kitenzi si pambo la lugha. Unaamua kama mgonjwa anasimuliwa kuwa mtendaji au mtendwa.

Wapo wanaopendelea kusema majaribio ya kliniki. Tafsiri hiyo ni finyu, kwa kuwa kliniki kwa watu wengi ni siku ya mjamzito au ya mgonjwa wa kisukari kwenda kupimwa, ilhali jaribio linaweza kufanyika wodini, hata vijijini. Wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, ina mfano unaofahamika duniani. Maeneo 48 ya wilaya hiyo yaligawanywa kwa nasibu ili kulinganisha vyandarua vya kawaida na vile vilivyoongezewa kemikali ya kuvunja usugu wa mbu kwa viuatilifu. Baada ya miezi tisa, watoto waliokutwa na vimelea vya malaria walikuwa asilimia 29 upande wa vyandarua vipya na asilimia 42 upande wa vile vya kawaida. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2018, na hakuna kliniki iliyokuwa kitovu cha kazi hiyo.

Upande wa upasuaji, haja ya majaribio ni kubwa. Uchunguzi uliofanywa katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika, matokeo yake yakatolewa mwaka 2018, ulionyesha kuwa asilimia 2.1 ya wagonjwa walifariki, na kwamba karibu vifo vyote vilitokea baada ya operesheni, mgonjwa akiwa tayari ametoka mezani. Hatari, basi, iko wodini. Jaribio lililofuata lilihusisha hospitali 332 na wagonjwa 28,892. Katika hospitali za kundi moja, mgonjwa mwenye hatari kubwa alipaswa kulazwa mahali ambapo wauguzi wanamwona, kupimwa mara nyingi zaidi, na ndugu kuruhusiwa kukaa kando ya kitanda. Vifo havikupungua kuliko katika kundi jingine. Jibu la namna hiyo nalo lina thamani yake, maana linadokeza kwamba kusogeza kitanda hakutoshi pale ambapo wauguzi ni wachache. Jaribio jingine, lililoshirikisha nchi saba, mojawapo Rwanda inayopakana na Kagera, lilipima jambo dogo mno: kubadilisha glovu na vifaa kabla ya kushona tumbo. Maambukizi ya kidonda yalishuka kutoka asilimia 18.9 hadi 16.0.

Maneno mawili yanayoambatana na istilahi hii huhitaji uangalifu. Kupangwa kwa nasibu hutafsiriwa wakati mwingine kuwa "bahati nasibu", na msikilizaji huanza kuwaza zawadi, mshindi na aliyekosa. Heri kusema kura: kila mmoja ana nafasi sawa, na si daktari wala mgonjwa anayechagua kundi. La pili ni kundi la ulinganisho. Katika tafiti za uangalizi baada ya upasuaji, kwa kawaida kundi hilo hupata huduma ile ile ambayo hospitali ingetoa hata bila utafiti. Hakuna anayeachwa na kidonda chake.

Ridhaa ndiyo nguzo ya mambo yote haya, nayo si sawa na kibali. Kibali hutolewa na mamlaka: nchini Tanzania, mapitio ya maadili kitaifa husimamiwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na majaribio ya dawa huhitaji pia kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Ridhaa hutoka moyoni mwa mgonjwa baada ya kuelewa, na ni jamaa ya neno kuridhika. Aliyetia sahihi kukubali kupasuliwa ngiri bado hajaridhia utafiti; ni ridhaa mbili, kila moja na maelezo yake. Mtu mwenye maumivu, amevuliwa nguo na anasubiri kuingizwa thieta, hana utulivu wa kupima jambo hilo. Asiyejua kusoma husomewa mbele ya shahidi, kisha huweka dole gumba.

Baada ya mgonjwa kuruhusiwa kutoka hospitalini, hufuata kipindi cha ufuatiliaji, ambacho mara nyingi ni siku 30. Mgonjwa aliyepasuliwa Bukoba huenda akauguzwa kwa ndugu huko Kamachumu au Nshamba, wilayani Muleba, na mtafiti humpigia simu kuuliza kama mshono umekauka, kama kuna homa au usaha, kama ameanza kubeba mkungu wa ndizi mapema kuliko alivyoelekezwa. Asiyepatikana huandikwa kuwa amepotea katika ufuatiliaji. Katika baadhi ya vituo vya tiba mtu kama huyo huitwa mtoro, neno lililozoeleka kwa wanaoacha dawa za kifua kikuu. Kwa aliyejitoa kwenye jaribio kwa kusema wazi, ambaye ni tofauti na aliyepotea, neno hilo halifai kabisa: mtoro ametoroka wajibu, ilhali aliyejitoa ametumia haki aliyosomewa siku ya kuridhia, na matibabu yake ya kawaida yanaendelea.