Mary Leakey na Michoro ya Miambani ya Kolo

Mara nyingi historia ya sanaa hudhaniwa kuwa ni elimu ya majumba ya Ulaya yenye picha zilizotundikwa ukutani. Sisi wa Babati tunayo sababu ya kuikataa dhana hiyo. Barabara itokayo mjini kwetu kwenda Kondoa hupita Kolo, na katika miamba ya milima ya huko imo michoro ya kale iliyomvuta Mary Leakey. Yafaa tuitazame kazi yake, kwani yatuonyesha jinsi elimu hii inavyojengwa, na pia mahali inapopungukiwa.

Mary alizaliwa London mwaka 1913. Baba yake alikuwa mchoraji, naye alipokuwa mtoto aliyaona mapango ya Ufaransa yenye sanaa ya kale. Hakupata shahada kwa kusomea chuo kikuu. Aliingia katika elimu ya mambo ya kale kwa kalamu yake, akiwachorea wataalamu zana za mawe. Mwaka 1935 alifika Tanganyika pamoja na Louis Leakey, aliyekuja kuwa mumewe, na ndipo alipoiona michoro ya Kondoa kwa mara ya kwanza.

Mwaka 1951 walirudi kuinakili. Mary aliweka karatasi angavu juu ya mwamba, akafuatisha kila mstari, kisha akatia rangi iliyolingana na ile ya mwambani. Walihesabu mahali 186 penye michoro, na maumbo yaliyonakiliwa yalifika 1,600 hivi: twiga, pofu, tembo, na watu wembamba wenye vichwa vya ajabu. Baadaye dunia ilimjua Mary kwa fuvu la Olduvai alilolipata mwaka 1959 na kwa nyayo za Laetoli za mwaka 1978. Nakala zake za Kondoa zilingoja hadi mwaka 1983 ndipo zikatoka katika kitabu, ambacho jina lake lilionya kwamba sanaa hiyo ya Afrika inatoweka.

Hata hivyo, kunakili umbo si kuijua maana. Katika mchoro mmoja mashuhuri wa Kolo, mtu wa katikati ameshikwa mikono na wenzake wa kila upande. Mary aliuona kuwa ni utekaji. Wako wasomi wa baadaye walioona humo ngoma ya simbo ya Wasandawe, ambamo mtu aliyepandwa na nguvu hutegemezwa na wenzake. Mstari ni ule ule, lakini mmoja aona ugomvi na mwingine aona tiba. Ni nani basi wa kuulizwa?

Mwaka 1971 Eric ten Raa aliandika kwamba kuchora miambani kulikuwa bado kunakumbukwa na Wasandawe wenyewe. Mwaka 1979 msomi wetu, Fidelis Masao, aliyepata pia kuongoza Makumbusho ya Taifa, alichapisha utafiti wake juu ya michoro ya Tanzania ya kati. Na huko Kolo kwenyewe, mahali paitwapo Mungumi, wenyeji wamedumu kufanya matambiko ya mvua na ya uponyaji. Hivyo mwamba huo si ukurasa uliofungwa.

Mwaka 2006 UNESCO iliiingiza michoro ya Kondoa katika Urithi wa Dunia. Heshima hiyo haizuii jua, moshi, wala mkono wa mgeni amwagaye maji ili rangi ing'ae. Mwamba ukifutika, nakala ya Mary itatupa umbo tu. Mzee ajuaye habari za mahali hapo akifariki bila kuulizwa, hakuna karatasi itakayotupa maana. Kwa hiyo mwalimu atakayewapeleka wanafunzi Kolo na awafunze kutogusa mwamba. Na kabla ya kurudi Babati, awaketishe mbele ya wazee, wakiwa na madaftari yao, wasikilize.