Elimu ya haki za binadamu: Funzo kutoka Mavoko

Elimu ya haki za binadamu ni mafunzo yanayomwezesha mtu kuzijua haki zake, kuzitetea kwa njia ya sheria na kuheshimu haki za mwenzake. Azimio la Umoja wa Mataifa la Desemba 19, 2011 linazitaka serikali ziwafunze raia pamoja na watumishi wa umma, wakiwemo polisi.

Nchini Kenya, wajibu huo umo katika Katiba ya 2010. Kifungu cha 59 kinaagiza utamaduni wa kuheshimu haki ukuzwe nchini. Kifungu cha 244 nacho kinaitaka Huduma ya Taifa ya Polisi iwafunze maafisa wake kuheshimu haki za binadamu, uhuru na utu.

Ujasiri wa kudai haki si mgeni Machakos. Mwaka wa 1938, Muindi Mbingu aliwaongoza Wakamba hadi Nairobi kupinga serikali ya kikoloni iliyotwaa mifugo yao. Hata hivyo, kadhia ya Mavoko, katika kaunti hiyo hiyo, yaonyesha kuwa ujasiri wa raia pekee hautoshi.

Mnamo 2015, mhudumu wa bodaboda Josephat Mwenda alipigwa risasi na afisa wa polisi. Alifuata sheria, akawasilisha malalamiko kwa Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi (IPOA). Wakili wake alikuwa Willie Kimani wa shirika la International Justice Mission. Juni 23, 2016, baada ya kutoka mahakama ya Mavoko, wawili hao na dereva wa teksi Joseph Muiruri walitekwa nyara. Miili yao ilipatikana mtoni karibu na Ol Donyo Sabuk. Julai 2022, Mahakama Kuu iliwapata na hatia ya mauaji maafisa watatu wa polisi na mpashaji habari wao. Wakahukumiwa Februari 2023.

Mwenda alizijua haki zake. Walioshindwa ni waliokula kiapo kuzilinda. Kwa hiyo, mpango wowote wa mafunzo unaomwelekea mwanakijiji na kumwacha afisa wa kituo ni nusu ya kazi.

Nusu nyingine yahitaji wakufunzi wanaoishi na watu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inawatambua wasaidizi wa kisheria, yaani wananchi waliofunzwa misingi ya sheria ingawa si mawakili. Msaidizi wa aina hiyo aweza kueleza kwa Kikamba, katika baraza la chifu au sokoni, yaliyo katika Kifungu cha 49: kwamba anayekamatwa ana haki ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoielewa, kunyamaza, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya kazi inayofuata iwapo mahakama imefungwa.

Maneno hayo yafaa kufundishwa pande zote mbili za mlango wa seli.