Nani Analipa Mafuta ya Redio?

Kwenye redio ndogo za kusini mwa Maniema, Kongo, mtu hufika na karatasi iliyochanwa daftarini: jina la marehemu, majina ya watoto na wajomba, siku ya mazishi. Mtangazaji anapiga hesabu, kusomwa mara mbili au tatu, na faranga zinatolewa. Hiyo ndiyo kominike. Jioni faranga hizo zinageuka mafuta ya jenereta.

Zamani Kabambare, huku kusini mwa Maniema, haikulipia redio hata senti moja, wala haikuulizwa inataka kusikia nini. Radio Congo Belge ilianza Léopoldville Oktoba 1940, Ubelgiji ikiwa tayari mikononi mwa Wajerumani. Mwaka 1943 mtambo wenye nguvu ulianza kurusha kutoka mji huohuo, ukilenga Wabelgiji waliokuwa chini ya Hitler. Vipindi vya Waafrika vilikuja baadaye. Kisha utawala wa Mobutu: redio moja, ya serikali, na sifa za aliyeshika mfuko wa serikali.

Waingereza walichagua njia nyingine. Tangu 1922 mwenye redio alikata leseni ya shilingi 10 kwa mwaka. Huku kwetu nani angezunguka na risiti kutoka Kabambare hadi Salamabila, kwa barabara zile?

Vita vya Kongo vikaleta mlipaji mpya. Tarehe 25 Februari 2002, siku Wakongo walipoanza mazungumzo yao Sun City, Afrika Kusini, Radio Okapi ilifungua mawimbi kwa lugha tano, Kiswahili kikiwemo. Nchi ilikuwa imekatwa vipande, na habari ileile ikasikika pande zote. Walioianzisha ni Umoja wa Mataifa na Fondation Hirondelle ya Uswisi, kwa fedha za wafadhili. Mwaka 2014 Hirondelle ikaondoka, mzigo ukabaki kwa Umoja wa Mataifa. Sijasikia redio ya kutumainika kuliko hiyo, lakini bajeti yake haipigiwi kura Kindu wala Kinshasa. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na kila aliyeishi kwa mfadhili akaelewa kuwa mfuko wa mwingine unaweza kufungwa.

Redio ndogo haina mfadhili wa kudumu. Mwanasiasa akileta bahasha, inapokelewa, na habari yake inakuwa ya kwanza. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukipeleka kominike ya kilio usiombe isomwe bure.